Friji la Wanzuki na Mdomo wa Shangazi

Mama,

Friji linafanya kazi. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza nani alilia sana kwenye msiba wako.

Ni lile kuukuu ulilonunua Mpanda kwenye bucha iliyofungwa, likaja Majimoto juu ya gari la mpunga, watu wakacheka kwamba umenunua kabati. Ulikuwa umechoka kuzivika ndoo za wanzuki, pombe yako ya asali, magunia yaliyolowa kila joto likipanda, na bado asali inachachuka kwa pupa na pombe inatoka kali ya kuumiza kichwa. Ulitaka ubaridi wa kiasi, siyo barafu. Ukaondoka kabla hujauona.

Fundi Deo amelifungia kile kidude chenye namba nyekundu wanachotumia kwenye mashine za kutotolea vifaranga. Joto likizidi, kinawasha friji. Likishuka kiasi, kinazima. Nilimsimamia tangu skrubu ya kwanza, mpaka akalalamika, "Dada, unanichunga kama mwizi." Nikamwambia nimelelewa hivyo. Na alikosea kweli! Ule waya wa kupima joto aliuacha unaning'inia hewani. Mlango ukifunguliwa tu, hewa ya nje ikiingia, friji linaanza kunguruma, na ndoo ya kwanza ikapoa mpaka chachu ikalala. Nikamrudisha, akaufunga waya ubavuni mwa ndoo na kuuzungushia kitambaa.

Lakini mlango alikuwa anaufungua nani? Friji liko baraza ya nyuma, na asubuhi nilikuta ndoo imehamishwa kutoka rafu ya juu kwenda chini.

Nikamwaza wifi yako. Shangazi Vero. Ulinifundisha mwenyewe: "Kikulacho ki nguoni mwako, na huyo yumo nguoni." Tangu tukuzike anakuja kila kukicha, anakaa kwenye kigoda, anatazama. Nikiinuka, macho yananifuata. Nikajua anaichungulia pombe yako, na pombe changa haionyeshwi mtu mwenye jicho baya. Nikamwita Deo akatoboa mlango, nikatia kufuli. Shangazi alipoliona alicheka tu: "Sasa mwanangu, umemfungia nani?" Kile kicheko kilininyima raha.

Maana haikuwa pombe ya kuuza, Mama. Ilikuwa ya kukumalizia msiba, siku ya kusimika msalaba wako. Ukoo ukikataa kuinywa, msiba haujaisha, na wewe hujasindikizwa.

Siku ikafika. Baada ya misa na msalaba tukarudi nyumbani, nikamimina. Hakuna aliyenyoosha mkono. Nikasikia wananong'ona, pombe gani inafungiwa kwenye friji lenye kufuli, linalonguruma lenyewe na kunyamaza lenyewe? Walikuwa wananisubiri mimi. Mpishi huonja kwanza, watu waone hakuweka kitu. Hata mimi nisingekunywa ya mtu ambaye hajaonja.

Na nisingeweza, Mama. Nina mimba. Hakuna aliyejua zaidi ya mume wangu, kwa sababu unakumbuka ile ya kwanza iliishia wapi. Harufu tu ya asali iliyochacha inanikimbiza nje. Ningeitia mdomoni ningetapika mbele ya ukoo mzima, na mpishi akitapika pombe yake mwenyewe, nani angebaki pale uwanjani? Baba mkubwa akasema, "Onja basi, tunakungoja wewe." Mate yakanijaa mdomoni. Nikakutafuta kwa macho, Mama, kama mjinga.

Shangazi akaja, akanipokonya kikombe. Nikasema moyoni, haya, leo ndiyo ananimaliza.

"Hii tumepika wawili," akawaambia. "Kila siku nashinda hapa, nyie hamnionagi? Naonja mimi." Akanywa mpaka tone la mwisho, akakigeuza kikombe chini wote waone. Baba mkubwa akanyoosha mkono. Wakanywa, Mama. Ndoo ziliisha, na waliondoka wanaulizana imekuwaje haikwaruzi koo.

Baadaye alinikuta nyuma ya jiko nanawa uso. Kumbe habari ya mimba aliijua tangu aliponiona napika huku nimejifunga kanga puani. Ndoo alikuwa anateremsha yeye, nisije nikaibeba nzito kutoka juu. Yale macho niliyodhani yanalenga friji yalikuwa kwangu. Nililia pale pale, kuliko nilivyolia siku ya kukuzika, nisamehe.

Ulimkosea, Mama. Au tuseme ulimkosea kidogo, maana kile kitenge chako cha njano sijakiona tangu alipotusaidia kufua nguo za msiba, na hilo bado nalifuatilia.

Kufuli nimeling'oa. Tundu limebaki mlangoni, nimelizibia kitambaa ubaridi usitoke.

Lala salama, mama yangu. Huyu wa tumboni akifika mikononi mwangu mzima, pombe ya kumpokea nitaipika humo humo kwenye friji lako. Nitakumwagia kidogo chini, nitaonja mbele ya watu kama ulivyonifunza, na kikombe kinachofuata nitampa Shangazi kwa mikono miwili. Ukinuna, nuna. Nitampa tu.

Mwanao,
Agata