Betri ya pikipiki ya Urbani

Scolastika mdogo wangu, naandika haraka, usome tu hivyo hivyo.

Leo mkwe wangu Kunigunda kamleta fundi Henry aipime pikipiki ya marehemu mumewe, mwanangu Urbani, kabla mnunuzi kutoka Mbuji hajaja. Imekaa stoo na magunia ya kahawa tangu tuzike, miezi minane.

Henry kaweka mita kwenye betri. Kafuta vichwa vya betri, kapima tena. Volti 12.6, imejaa!

"Shemeji, betri iliyolala miezi minane haisomi hivi. Nani anaiwasha?"

"Hakuna," kajibu Kunigunda.

Henry kabonyeza stata mara moja tu, ikanguruma, mita ikapanda hadi 14.2. "Inachaji vizuri kabisa. Kuna mtu anaiwasha."

Kunigunda akakaa chini palepale vumbini. Kumbe kila alfajiri huisikia ikinguruma, anajifunika blanketi, anajiambia ni majonzi. Hata padre hajamwambia. "Mama, Urbani hajapumzika. Leo narudi kwetu Kihagara na watoto."

Scolastika, ni mimi.

Ni mimi ninayeiwasha. Saa kumi na moja, saa ya mwanangu ya kuondoka. Navuta mafuta kidogo, nasikiliza, nazima. Nilidhani mkwe amelala.

Alipoanza kufunga nguo ndipo nikautoa ufunguo wa akiba wa pikipiki kwenye pindo la kitenge, nikauweka juu ya begi lake.

Kauchukua. Kisha kaniuliza, polepole: "Na kesho utaiwasha, mama?"

Yuko hapa mbele yangu anasubiri. Sijui anataka nijibu ndiyo au hapana.