Boti Yako Imepata Mashine, Baba Agnesi

Mpendwa mume wangu, Baba Agnesi,

Huku Kizwite, Sumbawanga, baridi imeanza kulegea na mahindi tumeshayaingiza ndani. Mimi ni mzima. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo ulilianza ukaliacha njiani, nami nimelimaliza, na sina mwingine wa kumsimulia kwa urefu bila kumchosha.

Boti yako imepata mashine.

Najua swali lako la kwanza. Ungeuliza, "Ya ngapi?" Subiri kidogo.

Unakumbuka siku ulipoileta kutoka Kasanga, kule ziwani, imefungwa kamba juu ya lori, boti ya faiba ya zamani, rangi ya bluu imepauka, nyuma hakuna kitu? Uliinunua kwa padri mzee aliyekuwa anarudi kwao. Majirani walitoka wote kuitazama. Mimi mtoto wa kijiji cha Msanzi, niliyekulia kwenye ulezi na mahindi, maji mengi niliyoyajua yalikuwa ya mto wakati wa masika. Nikakuuliza, "Sasa hii tutaipeleka wapi?" Ukasema, "Kwanza tuitafutie mashine inayoifaa. Safari itajileta yenyewe."

Mtaani wakaiita meli ya Kizwite. Hukukasirika. Kila aliyekuja kukutania ulimpandisha ndani, ukamweleza habari za mashine za boti mpaka akaomba mwenyewe kuondoka.

Jumapili baada ya misa tulikaa humo tukipukuchua mahindi, kwa kuwa punje hazikutawanyika. Wewe ulikaa nyuma kabisa, mkono mmoja ukiwa nje, umekunja vidole kama mtu aliyeshika mpini wa mashine. Sidhani kama ulijijua. Mimi nilikuona kila mara na sikusema, nilihofia ungeuondoa.

Mara moja tu iliingia majini nami nikiwemo. Uliishusha mpaka Kasanga, ukaazima mashine ya nguvu za farasi arobaini kwa rafiki yako. Uliponyonga mpini kuongeza mafuta, pua ya boti ilipanda juu nikawa naona mawingu tu, na nyuma maji yakaanza kuingia. Nilishika ukingo kwa mikono miwili. Nadhani nilianza Salamu Maria, ila sikumbuki kama niliimaliza. Wewe ulikuwa unacheka, halafu ukaacha kucheka. Ukapunguza, ukageuza taratibu, ukaniambia, "Mashine hii inaiburuza boti. Haiisukumi." Tulipanda nayo Kizwite tena, ukaiweka ubavuni mwa nyumba, ukaendelea kuuliza bei kila mahali kama kawaida yako.

Ulipougua uliacha kuuliza. Baada ya mazishi yako, boti ilibaki palepale, na mimi nikawa naizungukia nikienda kuanika nguo.

Kilichoibadilisha hali ni Agnesi. Ameolewa, mume wangu. Kijana ni mwalimu, na amepangiwa kijiji cha mwambao, kaskazini ya Kasanga, ambako barabara haifiki. Mjukuu wetu wa kiume alizaliwa huko. Safari yangu ya kwanza kwenda kumwona nilipanda boti ya abiria iliyojazwa mpaka maji yakawa yanalamba ukingo, nikajiambia nikifika salama sirudi tena. Nikafika. Nikampakata yule mtoto, nikajua nitarudi, na nitarudi mara nyingi.

Nilipokuja nyumbani nikamwita mdogo wako Fulgensi. Nikamwambia nataka boti iende ziwani. Yeye atakuwa dereva, tutashusha unga na maharage, tutapandisha samaki, migebuka, na mimi nitamwona mjukuu wangu. Alifurahi mno. Siku ya pili akarudi na habari kwamba ameshapata mashine.

"Arobaini, shemeji," akasema. "Inaruka hiyo. Asubuhi tunatoka Kasanga, chai tunanywa kwa Agnesi."

Nikamwambia kwanza tuikague boti. Nilichukua mwiko wa ugali nikaugonga ubao wa nyuma, ule unaobeba mashine, kidogo kidogo kuanzia kona moja hadi nyingine, kama nilivyokuona ukifanya. Mahali pengi ulilia kwa sauti kavu. Kona ya kulia ukalia mzito, kama boga lililooza. Seremala alipofungua, mbao za ndani zilikuwa zimekuwa unga. Akaweka mpya, akafunika kwa faiba upya, ukawa imara.

"Basi sasa utaibeba arobaini," Fulgensi akasema.

"Ubao ni mpya, shemeji. Boti ni ileile."

"Kaka angechukua arobaini."

Hapo sikuwa na hakika. Ulikuwa mtu wa kupenda mwendo. Lakini nikawaza jambo jingine. Kule ziwani mashine huibwa, kwa hiyo jioni huvuliwa na kuingizwa ndani. Arobaini hubebwa na wanaume wawili wenye mgongo mzima. Nikamwambia Fulgensi, "Mashine nisiyoweza kuinyanyua haitakuwa yangu. Nataka kumi na tano."

Alinuna. Njia nzima ya kuteremka Kasanga hakunisemesha, na unajua ile njia ilivyo ndefu ukiwa umekaa na mtu aliyenuna.

Pale Kasanga tulielekezwa kwa Bi Zuhura, mwenye mitumbwi ya uvuvi. Ni mama mnene mwenye sauti ya kuita watu walio mbali hata akiongea nao karibu. Tulimwamkia, akaitikia, akaniangalia.

"Boti yako inataka mguu upi?"

"Mguu gani tena, Bi Zuhura?"

"Wa mashine. Kuna mrefu na kuna mfupi. Mtu humnunulii suruali bila kujua urefu wake."

Nikamtazama Fulgensi, Fulgensi akatazama ziwa. Hakuna aliyekuwa amepima. Bi Zuhura alikuwa na ya kumi na tano, mguu mfupi, safi. Alituonya kwamba boti za faiba za zamani nyuma ziko juu. Sisi tukasema tujaribu tu. Tukaifunga. Ilipowaka, ilipiga kelele kama nguruwe, povu likajaa nyuma, na boti ikabaki imesimama palepale. Propela ilikuwa juu mno, inakoroga hewa. Wavuvi ufukweni walicheka mpaka wakakaa chini. Fulgensi alitaka kuzungumza, badala yake akacheka na yeye, na kununa kwake kukaishia hapo.

Bi Zuhura akaita watu wake wafungue mashine iliyokuwa kwenye mtumbwi wake mwenyewe, ya kumi na tano vilevile, mguu mrefu. "Mtumbwi wangu uko chini, ule mguu mfupi utaufaa zaidi," akasema. "Hii inakunywa petroli iliyochanganywa na oili. Kila fundi wa hapa anaijua. Ziko mpya zinazokula kidogo, lakini ikikugomea katikati ya ziwa, utamwita nani?"

Wakati wanaifunga alinivuta pembeni.

"Wewe ndiye mke wa yule bwana wa Sumbawanga? Aliyekuwa akija kuuliza mashine kila mara?"

"Ndiye mimi. Alishafariki."

Akanipa pole. Kisha akasema, "Yule bwana hakununua kwangu hata nati. Siku moja nikamkemea, nikamwambia, baba, unatafuta nini hasa? Akaniambia alimpandisha mkewe kwenye mashine kubwa, mke akashika ukingo kwa mikono miwili. Kwa hiyo hatanunua mpaka apate ambayo mkewe hataiogopa."

Miaka yote ile, Baba Agnesi. Mimi nilidhani unaichagulia boti.

Sikulia pale. Nilimshukuru Bi Zuhura nikaenda kusimama karibu na maji, nikajifanya natazama wanavyokaza skrubu. Nilikuwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi, kama mtu aliyepewa zawadi mbele za watu. Ungeweza kuniambia. Lakini ungeniambia, ningesema siogopi, ungenunua arobaini, na leo ningekuwa nakwenda kwa mjukuu kwa miguu.

Mguu mrefu ulikaa sawasawa. Fulgensi alinyonga mafuta kidogo, boti ikaenda imelala vizuri juu ya maji, pua chini, nami nikaona mbele. Haikuruka. Ilikwenda kama mtu mzima anayejua aendako. Na magunia ya unga yakiwamo inakwenda polepole zaidi, chai ya kwa Agnesi tunaikuta imepoa, hakuna aliyekufa kwa hilo. Jioni tunaivua, mimi nashika upande mmoja na Agnesi upande wa pili, tunaiingiza ndani na kuilaza kwenye gunia kuukuu. Mkwe wako amejitolea kuibeba peke yake. Nimemkatalia.

Fulgensi amenifundisha, bila kunificha kitu: kuwasha, kupunguza, kugeuza kwa upana bila kukata kona ghafla, kuzima kabla ya mchanga. Wiki iliyopita tulipofika Kasanga na mizigo, akaenda moja kwa moja kukaa mbele, akakunja mikono. "Leo mimi abiria," akasema. Nikamtazama nione kama anatania. Akaniambia, "Shemeji, tunachelewa."

Nikavuta kamba. Iliwaka mara ya pili.

Sitakudanganya kwamba sikuogopa kabisa. Niliogopa kiasi cha kuwa makini. Ziwa lilikuwa tulivu, milima ya ng'ambo inaonekana, na mkono wangu ulikuwa nyuma umeshika mpini. Niliimba kidogo. Fulgensi alijifanya hasikii. Tulipokaribia kijijini nilichelewa kuzima, boti ikapanda mchangani kwa nguvu kidogo, na wanawake waliokuwa wakisuuza dagaa wakaja kuishika pua. Mmoja, mgeni kwangu, alimwona Fulgensi amekaa mbele mikono imekunjwa, akashangaa.

"Na nahodha wenu yuko wapi?"

Fulgensi akanionyesha kwa kidevu.

"Ndiye mimi," nikasema, nikasimama ili anione vizuri.

Pumzika kwa amani, mume wangu. Huku usiwe na wasiwasi.

Mkeo,
Mama Agnesi