Msalaba Kwenye Kitako cha Ganda

Jumapili, 1 Machi 2026

Leo nimeapa: katika kaye hii, daftari langu la siri, nitaandika yote, hata yanayonitia kichefuchefu. Sista anayetufundisha Kifaransa anasema anayejificha kwenye kaye yake mwenyewe atajificha kila mahali. Basi naanza na mikono yangu. Inanuka! Sabuni mara tatu, bado inanuka.

Papa alinileta Goma kwa ajili ya masomo. Naishi Ndosho kwa dada yake, tantine Emerance. Mume wake, tonton Modeste, ni fundi wa kuyeyusha shaba. Kila Jumamosi Sikuli, mchukuzi wa kwetu, anashuka kutoka Masisi na pikipiki — mbele fromaje, ile jibini ya kwetu, nyuma gunia la maganda ya risasi ambayo watoto wa kule wanaokota mashambani. Vyote vinafika na harufu moja. Fromaje siwezi kuila tena.

Kazi yangu ni kuchagua na kuosha. Sumaku kwanza. Ganda likinata, ni chuma kilichopakwa rangi: la bei rahisi, linashika kutu, kopo la kushoto. Lisiponata, ni shaba ya kweli. Hilo naliangalia mdomo kama daktari wa meno. Limepasuka? Limebonyea? Mazima nayasugua kwa majivu, ndimu na mchanga mweusi wa volkano hadi yang'ae. Maji yanageuka kijani, halafu meusi. Jana ndani ya ganda moja nimekuta kidudu kimeoza. Puh!

Lakini navumilia, kwa sababu tonton amesema yatakuwa vinara sita vya mishumaa, zawadi kwa parokia siku ya Pasaka. Ndiyo maana tangu Januari, kila ganda zima nikimaliza kuliosha, nachora kwa msumari msalaba mdogo kwenye kitako. Hakuna aliyeniagiza. Niliona vema yaende altareni na alama.

Papa amebaki kilimani kwetu, kule Masisi, na ng'ombe. Kule hakuna réseau, simu hazishiki. Anaandika barua, Sikuli anabeba. Ameahidi kushuka Pasaka. Nitamwonyesha vinara.

Jumatano, 4 Machi

Joyeuse amehama benchi yetu. Amesema mbele ya darasa zima: "Tuyisenge ananuka kama mudomo ya bunduki!" Wakacheka. Nami nilicheka kidogo, ili yaishe. Halafu nikaenda chooni kunusa vidole vyangu. Amesema kweli.

Alhamisi, 12 Machi

Lazima niandike polepole.

Nilipotoka shuleni nilimkuta muzee mmoja uani, viatu safi kabisa, hata vumbi la Ndosho halikuvigusa. Alikuwa anainua maganda kwenye mwanga, moja moja, anapitisha ukucha kwenye mdomo wa ganda. Ya chuma aliyasukuma kwa mguu. "Hii ya rahisi sitaki, inapasuka mara ya kwanza. Unipe ile ya mutoto."

Ya mutoto! Yangu! Nilifurahi. Naandika kwa aibu: nilifurahi hadi nikatabasamu.

Alipoondoka na mfuko, swali likanijia. Kama yanayeyushwa, mdomo una kazi gani? Ganda lililopasuka linayeyuka sawa na zima. Miezi miwili nimekuwa nachagua vizuri sana, kwa bidii, na sikujiuliza hata mara moja!

Nikamuuliza tonton. Alicheka. "Weye mutoto uko na akili mingi. Banajaza baruti tena. Ganda ya muzuri inarudi ku kazi mara tano, mara sita."

"Nani anajaza?"

"Bawindaji. Ya kupiga nyati."

Kwetu kilimani hakuna nyati. Kuna ng'ombe na watu.

"Na vinara, tonton?"

"Ile ya kupasuka itatosha. Mungu hachaguake."

Ijumaa, 13 Machi

Sikula. Tantine aliweka sahani mbele yangu: "Unakunja sura kama mutu amekanyaga mavi. Kuosha kuko zambi? Maji ni maji." Halafu akanusa nywele zangu, akaniambia nikaoge.

Jumatatu, 16 Machi

Tonton alienda mtaa wa Katindo. Nilichukua jiwe la volkano nikaponda midomo ya maganda kumi na moja. Mazima, mazuri, ya kwangu. Sasa hayafai kitu ila vinara. Sijawahi kuharibu kazi yangu mwenyewe kwa furaha namna hii. Kumi na moja si mengi. Lakini kesho tena.

Jumatano, 18 Machi

Tonton alichungulia kopo. "Tuyi, macho yako imeharibika? Ya kupasuka imezidi."

Nilisema ndivyo yalivyokuja. Uongo. Niliapa kuandika yote, basi huo hapa, uongo. Kuanzia leo naosha mbele yake. Ameweka kiti chake mlangoni.

Jumamosi, 21 Machi

Gunia la Sikuli. Sumaku. Kushoto, kushoto, kulia. Nikageuza ganda moja kuangalia kitako.

Msalaba.

Nilifikiri nimechanganya, labda lililooshwa limeanguka gunini. Lakini ndani lilikuwa jeusi, la moshi mpya. Na msalaba ni wangu — mkono wa kushoto umeteleza kwenda chini, kwa sababu msumari wangu umepinda. Niliosha. Wakajaza. Wakapiga. Watoto wakaokota. Limerudi kwangu lioshwe tena!

Sikuli alikuwa anakula maharage. Nikamuuliza gunia limetoka wapi.

"Kwenu mule, dada. Batoto banaokota juzi, pale ng'ombe ya muzee Ntirenganya inakunywaka mayi."

Ntirenganya ni Papa.

"Ulimuona?"

"Nilipita mbio. Haikukuwa fasi ya kusimama."

"Barua?"

Alitazama sahani. "Juma hii hakuna barua, dada."

Tonton alinyoosha mkono nikampa ganda. Alifuta moshi kwenye kitako kwa kidole gumba, akauona msalaba. Nilingoja aone haya. Tantine naye alikuwa amesimama, mkono mdomoni — Papa ni kaka yake! Tonton aliinua ganda kwenye mwanga, akachungulia mdomo.

"Ona! Haiyapasuka. Inaweza kurudi."

Nilitapika palepale, juu ya maganda safi. Hakuna aliyecheka.

Jumapili, 22 Machi

Sikwenda misani. Ganda liko kwenye soksi yangu. Nililitoa kwenye kopo la kulia, tonton hajui. Tantine anajua. Aliliona, akaninong'oneza nivae soksi ya pili juu yake. Ndiye aliyenipa bahasha pia.

Sikuli anapanda kesho alfajiri, anarudi Jumamosi. Nanakili barua hapa, isije ikapotea njiani:

"Papa, tunakusalimu, mimi na tantine. Mimi niko muzima. Vinara sivitaki tena, ila wewe ushuke, hata kabla ya Pasaka. Kuna ganda lililookotwa pale ng'ombe wetu wanapokunywa maji. Nililiosha mimi, na kitako nilikichora mimi. Sikujua. Nilidhani linaenda kanisani. Unijibu na Sikuli huyu huyu, mistari miwili tu, lakini kwa mwandiko wako mwenyewe, ule unaoinama, mtu mwingine asikuandikie: ile risasi yangu, Papa, ilimpata nani?"