Jina la Mkunga Kwenye Cheti Changu

Brownsville, Texas, Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Mjukuu wako Nereida ananyonya vizuri, na pua ni yako kabisa. Nilitaka kuvuka daraja la mpakani nikuletee umbebe huko Matamoros, lakini naogopa.

Nilipokwenda kuomba pasipoti, karani alisoma cheti changu cha kuzaliwa akaweka kidole kwenye jina la mkunga. Kisha akasema, "Huyu mkunga Eulalia alikuwa anawaandika watoto wa ng'ambo ya mpaka kwamba wamezaliwa Texas. Wewe ulizaliwa wapi, binti?"

"Sikumbuki, bwana, nilikuwa mdogo."

Hakucheka.

Mama, sikulaumu. Kwa ajili ya Nereida hata mimi ningedanganya. Yeye kazaliwa hospitali ya hapa, hakuna wa kumuuliza. Lakini nikivuka wakanizuia kurudi, nani atamlea?

Usijibu kwa maandishi, yasije yakashikwa darajani. Mpe shangazi Chonita, aliyekuletea barua hii, aniletee ule uzi mwekundu wa kumkinga mtoto na kijicho. Ukiwa na fundo moja, nitajua ulinizaa huku, na Jumamosi utatuona mlangoni kwako. Ukiwa na mawili, nitamfunga mkononi vivyo hivyo, nami nitakutumia picha.

Naomba liwe moja.

Mwanao,
Ofelia