Yule wa Kupinga Kila Kitu

Mujukuu wangu Furaha,

Huku Katoyi tuko salama. Mama yako amepona malaria na ameanza tena kunigombeza.

Unauliza chama cha wanafunzi wa famasi kina faida gani, maana mikutano inakuchosha. Hata mimi ilinichosha wakati nilikuwa nasomea famasi, na mule nilikuwa napinga kila kitu.

Vita ilipotukimbiza, nilifika kambini Lac Vert bila karatasi hata moja ya kuonyesha kazi yangu. Wagonjwa walijaa, lakini mukubwa wa dawa alinikataza nisiguse kitu. "Nani anakujua?"

Musichana aliyekuwa anapanga chupa za serumu za kutundikia wagonjwa akainua kichwa. "Mimi namujua! Tulikuwa naye kwenye chama. Anapingaka kila kitu, lakini dozi hakosei."

Nilianza kazi siku ile ile.

Basi nenda kwenye mukutano, mutoto wangu. Na usikae kimya.

Koko wako