Namba ya Kumpa Baba Anastazi

Mama, shikamoo. Costansia, msomee Mama yote, usiruke mahali.

Ndizi nimeshamenya, ziko kwenye maji. Mawingu yakikusanyika, anueni kahawa. Anastazi anywe uji kwanza, ndipo dawa.

Nimekwenda dukani kwa Othman. Baba Anastazi anapiga saa nne kutoka Mwanza, na ni mara ya mwisho hapo, maana Othman anahama na simu yake inakatwa kesho. Leo lazima nimpe namba nyingine ya kutupata.

~~Nitampa ya karani wa ghala, kama ulivyosema.~~

Hapana, Mama. Asubuhi uliposema, "Karani ni ndugu yetu. Huyo Mwaja wa duka la vitenge hana siri, kijiji kizima kitajua mambo yetu," nilinyamaza kwa heshima tu, sikukubali. Mwezi uliopita Othman alipofunga duka, mwanao alipiga kwa karani, akaomba niitwe. Karani akaona uvivu kupanda kilima, akamjibu mwenyewe: "Kwenu wote wazima." Siku hiyo mtoto alikuwa na siku ya sita wodini, na baba yake akalala usingizi wake.

Mwaja namjua. Simu ikilia, humwacha mteja na kitenge mkononi, akaja mbio mwenyewe kuita mtu.

Nitampa ya Mwaja. Atatutangaza, sikatai. Lakini safari hii hata baba wa mtoto atasikia.

Nikirudi, nigombeze. Chumvi iko juu ya kabati.

Mimi mkazamwanao,
Mama Anastazi