Siku Kumi za Mbwa

Dada yangu,

Sisi tupo. Siku ya Jumanne mbwa wa shemeji yako alitolewa kizazi. Daktari wa mifugo alitueleza yote: atalewa dawa siku nzima, asilambe mshono, asirukeruke siku kumi. Shemeji yako kaibandika karatasi ya maagizo jikoni, kaomba na likizo. Ngazini anambeba kama yai.

Mwaka jana nilitolewa kizazi mimi. Sikukwambia. Hakuna aliyenieleza kitu, na siku ya tatu shemeji yako huyohuyo akaniuliza, "Leo hatuli?" Nikapika nimesimama, damu ikinishuka miguuni.

Leo shemeji yako alipotoka, nimejilaza kwenye godoro la mbwa. Mbwa akaniangalia, dada, akasogea akanipisha.

Ni mimi,
mdogo wako